Mwanasesere wa kitanda cha tano: kisa cha binti aliyekuja kujitolea wodi ya watoto, Tanga

Alikuja asubuhi ya Jumanne, amevaa baibui jeusi, begani ana mkoba wa kitenge uliojaa vitabu vya kupaka rangi. Mkononi ana barua iliyogongwa muhuri wa Mganga Mfawidhi. Akatuamkia wote, mpaka wale bibi na mama waliokaa kwenye mikeka kati ya vitanda, halafu akaniambia, "Shikamoo sista. Nimekuja kucheza na watoto."

Mimi ni muuguzi. Nimekaa wodi ya watoto hapa Tanga miaka kumi na minne, na tangu kisa hiki kitokee vijana kadhaa wamenifuata wakiuliza njia aliyopita yule binti, maana nao wanaipenda kazi hiyo. Nakieleza kisa chote, pamoja na tulipokosea, kwa sababu tulipokosea ndipo alipojifunza. Hospitali siitaji, majina siyataji, na mambo madogo nimeyageuza ili mtoto asijulikane. Bibi yake ameniruhusu kusimulia.

Kazi yenyewe wengi hawaijui. Wamarekani wana mtu wodini anayeitwa mtaalamu wa maisha ya mtoto, na Waingereza wana mtaalamu wa michezo hospitalini. Huyu hatoi dawa wala hachomi sindano. Anamsaidia mtoto aelewe anachofanyiwa, apate namna ya kukistahimili, na aendelee kuwa mtoto hata akiwa na kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, mkononi. Marekani jina kubwa katika mwanzo wake ni Emma Plank, mwalimu mzaliwa wa Vienna aliyesomea njia ya Montessori, ambaye mwaka 1955 alianzisha mpango wa namna hiyo katika hospitali ya mji wa Cleveland. Binti yetu aliyasoma hayo kwenye simu, usiku, nyumbani kwao Chumbageni, baada ya kumaliza shahada ya elimu ya awali na kukaa miezi bila ajira. Wodi yetu haina mtu wa cheo hicho. Aliye karibu naye kwa kazi ni afisa ustawi wa jamii, na huyo ana hospitali nzima ya kuhudumia.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundisha chekechea ya Makorora kwa miezi miwili, bila malipo. Hilo nililipenda kuliko cheti chake. Ambaye hajakaa na watoto wazima, hajaona mtoto wa miaka minne anavyogombania kiti au anavyouliza jambo moja mara kumi, hatajua kwamba mtoto aliyelala kimya akitazama ukuta ana tatizo. Atasema, "Huyu mtulivu." Kijana anayetaka njia hii aanzie chekechea, madrasa, Sunday school au kituo cha watoto kilicho karibu naye, na aandike tarehe na saa.

Makaratasi sitayarefusha. Aliandika barua ya kuomba kujitolea kwa Mganga Mfawidhi, akaambatanisha nakala za vyeti, kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wawili. Barua ikapita kwa katibu wa afya, ikakaa wiki tatu, ikarudi. Lakini kuna jambo moja vijana hulisahau, nalo ni chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ukisubiri mpaka ukubaliwe ndipo uanze, utaingia wodini huna kinga kamili. Yeye alikuwa ameshapata mbili.

Tulikubaliana asubuhi tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, kwa wiki kumi na mbili. Ni saa 144. Hapo ikabidi nimweleze jambo lililomkata maini kidogo. Alikuwa anaamini kwamba saa hizo zitamhesabia kwenye utaalamu wa Marekani. Hazihesabu. Kule mtu anatakiwa awe na shahada na masomo maalumu, afanye mafunzo kazini yasiyopungua saa 600 chini ya mtaalamu ambaye mwenyewe ameshathibitishwa, kisha afanye mtihani. Mimi ni muuguzi, siwezi kusimama mahali pa mtaalamu huyo. Saa 144 za kwangu ni za mlangoni: zinamwonyesha yeye mwenyewe kama kazi anaiweza, na zinawaonyesha watakaosoma maombi yake kwamba wodi anaijua kwa macho. Nilitaka alijue hilo tangu siku ya kwanza. Akasema, "Sawa sista, nitaanza hapo hapo mlangoni."

Wiki ya kwanza nilimpa kazi ya kuosha mikono na kutazama. Alijifunza kwamba kitabu cha kupaka rangi hakizunguki kutoka kitanda hadi kitanda, hasa kwa watoto wenye vidonda vya moto, ambao ngozi iliyokuwa ngao yao haipo tena. Kitu cha plastiki kinaoshwa kwa sabuni na kutiwa dawa kabla hakijahamia kwa mwingine. Kitu cha nguo kinakuwa cha mtoto mmoja na anaondoka nacho. Vizibo vya soda, ambavyo watoto wetu wanavipenda mno kwa magari yao ya ndala, havimkaribii aliye chini ya miaka mitatu. Simu ilikaa mkobani. Aliniuliza kama anaweza kupiga picha ya mikono tu, bila sura, aweke kwenye status. Nikamkatalia, nikampa sababu: mtoto ni mgonjwa wa hospitali, na Tanga ni ndogo, watu wanatambuana hata kwa kanga iliyotandikwa kitandani.

Kila siku alitakiwa kuandika kwenye daftari, na Ijumaa nilisoma. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Leo tulicheza na watoto, walifurahi sana." Nikamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: Nani? Ana miaka mingapi? Alikuwa anafanya nini kabla hujafika? Ulipoondoka alifanya nini?

Kosa

Kitanda cha tano alilala mvulana wa miaka mitano kutoka vijiji vya upande wa Pongwe. Alimwagikiwa na uji wa moto, mkono wa kulia na paja. Mama yake alikuwa Dar es Salaam kikazi, kwa hiyo aliyekuwa naye ni bibi, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliyelala mkekani pembeni ya kitanda tangu siku ya kwanza. Kidonda kilikuwa kinasafishwa na kufungwa kila baada ya siku moja.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, mimi sikuwepo. Zamu ilikuwa na watu wachache, na muuguzi aliyekuwa akifunga kidonda akamwita binti chumbani: "Anti, njoo unisaidie kushika." Akaenda. Nani asingekwenda? Akamshika mtoto miguu, akamwinamia akambembeleza, "Usiogope mwanangu, haitauma. Kidogo tu, kama mbu."

Shashi ilikuwa imegandana na kidonda. Ilipobanduliwa yule mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi binti aliingia na mkoba wake kama kawaida. Mtoto alipoliona lile baibui mlangoni alivuta kanga ya bibi akajifunika kichwa, na godoro likalowa. Bibi hakusema neno. Alianza kukunja shuka lililolowa, polepole, bila kumtazama binti usoni.

Nilimkuta nje, nyuma ya tangi la maji, analia. "Sista, mimi nilitaka kumfariji."

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Katika wiki nzima ya kuosha mikono na kutazama sikumwambia kanuni ambayo kazi hii haiendi bila hiyo: anayecheza na mtoto hamshiki kwa nguvu. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kuwa na mtu mmoja wodini ambaye akimwona anakuja hana haja ya kukagua mikono yake. Mtu huyo akishaonekana chumba cha vidonda ameshika miguu, hayupo tena. Vivyo hivyo kitandani na kwenye mkeka wa michezo: sindano haiji hapo ikiwa pana chumba cha kuifanyia. Muuguzi aliyemwita simlaumu. Mikono ilikuwa michache na hakuna aliyemwambia binti huyu ni wa kazi gani. Ningewaambia wote kwenye makabidhiano ya zamu, dakika mbili zilitosha.

La pili lilikuwa lake, na ndilo karibu sisi sote tunalo. "Haitauma." Tumelisema hili kwa watoto wetu tangu tunajua kusema, tunalisema kwa mapenzi, na kila mara mtoto anagundua dakika hiyo hiyo kwamba tumemdanganya. Kinachobaki ni maumivu pamoja na kutojua tena nani wa kumwamini. Nikamwandikia kwenye daftari maneno mengine ayajaribu: "Itauma. Itauma zaidi tunapobandua, halafu itapungua. Ukitaka kulia, lia. Bibi atakupakata, na tukimaliza nitakwambia tumemaliza." Aliyasoma mara mbili akasema yanatisha. Nilimwuliza kama yeye angependa daktari wa meno amwambie lipi.

Mwanasesere

Alitaka kwenda moja kwa moja kwa mtoto akamwombe radhi na kumpa peremende. Nilimzuia. Siku mbili zilizofuata alikaa kitanda cha nne, kwa msichana mwenye selimundu, mgongo wake umeelekea nusu kwa kitanda cha tano. Mama mzazi wa binti alikuwa ameshona wanasesere wawili kwa kanga kuukuu, macho ya uzi mweusi, vimejazwa vipande vya nguo safi. Mmoja wa yule msichana, wa pili akamweka tu ukingoni mwa kitanda, amefungwa shashi mkono wa kulia. Hakusema lolote. Kutoka kitanda cha tano kanga ya bibi ilikuwa inainuka kidogo, jicho moja linachungulia, inashuka.

Siku ya tatu mtoto wa kitanda cha tano alinyoosha mkono usio na kidonda. Binti akampa mwanasesere, akarudi hatua moja, akachuchumaa.

Yaliyofuata nanukuu kutoka kwenye daftari lake, maana wakati huu alikuwa ameshaacha kuandika "walifurahi sana":

"Kitanda 5, miaka mitano. Saa nne na nusu. Amemlaza mwanasesere kwa tumbo. Amempiga kwa vidole viwili mara tatu, amesema: 'Umemwaga uji! Nyamaza! Ukilia tunakufunga tena.' Nimeuliza, huyu amefanya nini? Amesema: 'Alicheza jikoni, bibi alimkataza.' Nimeuliza, halafu? Amesema: 'Wanamfunga mpaka aache utundu.' Sikucheka. Sikumsahihisha. Bibi amesikia."

Nilikuwa nimesimama meza ya dawa, nami nilisikia. Mtoto huyu alikuwa amekaa nasi siku kumi na moja. Madaktari walimwona kila raundi, mimi nilimfunga mwenyewe mara tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kila alipoingizwa chumba kile aliamini anaadhibiwa. Na angeaminije vingine? Ameambiwa asicheze jikoni, akacheza, akaungua, kisha watu wazima watatu wakawa wanamshika na kumwumiza, na wanamwambia anyamaze. Kwa akili ya miaka mitano hesabu inakamilika. Watoto wa kati ya miaka mitatu na sita wana tabia hiyo ya kujiona wao ndio chanzo cha kila jambo, na ugonjwa wanauchukua kama malipo ya kosa. Mkubwa zaidi angeuliza mkono utabaki na kovu au la. Huyu hakuwa na swali, alikuwa na hukumu tayari, akaitoa kwa mwanasesere.

Hapa binti alifanya jambo ambalo mimi ningelikosea. Ningekimbilia kumweleza mtoto kwamba si adhabu. Yeye alimgeukia mwanamke aliyekaa mkekani, akasema kwa upole, "Bibi, nadhani hili neno litoke kwako." Maana aliyemkataza kucheza jikoni alikuwa bibi. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akapanda kitandani, akamweka mjukuu mapajani. "Mjukuu wangu, uji ulimwagika. Bibi hakukasirikii. Hawa wanakufunga ili mkono upone, hata ungekuwa hujacheza jikoni wangekufunga." Mtoto akauliza, "Na huyu?" akionyesha mwanasesere. "Na huyo pia."

Binti alijibanza dirishani. Hakuongeza neno, na kwenye daftari mstari huo umebaki mfupi: "Bibi ameongea naye."

Chumba cha vidonda

Lililofuata lilihitaji wauguzi, na si wote walikubali. "Unamdekeza." "Tutamaliza saa ngapi, na vitanda vyote hivi?" Hoja ya muda ni ya kweli, siipuuzi. Lakini watu watatu kumshika mtoto anayepigana nao pia ni muda, na watu watatu hao wanatoka kwa wagonjwa wengine.

Daftari lilitusaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Binti alikuwa anaandika saa za kila kitu, kwa vile nilimsumbua aandike. Siku moja akaniuliza, kwa adabu, akiwa ameshika ukurasa: "Sista, dawa ya maumivu anapewa saa kumi na mbili asubuhi, kidonda anafungwa saa nne. Hivi ndivyo inavyotakiwa?" Haikutakiwa hivyo. Dawa ile ilikuwa inafuata ratiba ya wodi, si ratiba ya kidonda, na mtoto alikuwa anaingia chumbani nguvu ya dawa imeshaanza kuisha. Nilizungumza na daktari, dozi ikasogezwa, akawa anapewa kama dakika arobaini na tano kabla. Kati ya yote yaliyofanyika katika kisa hiki, huenda hilo ndilo lililompunguzia maumivu zaidi, na lilitoka kwa mtu asiyeruhusiwa kugusa kabati la dawa.

Mengine tuliyapanga pamoja. Bibi anakaa kitini, mtoto amempakata kifua kwa kifua, mkono wenye kidonda umetoka pembeni, badala ya kulazwa chali. Shashi inalowekwa kwa maji ya chumvi mpaka ilegee, na anayelowesha ni mtoto mwenyewe, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anachagua tuanze mkono au paja. Hachagui kama tufunge au tusifunge, kwa hiyo hatumwulizi hilo. Sauti moja tu inaongea naye, ya bibi au ya binti, sisi wengine kimya. Mwanasesere anafungwa kwanza.

Mara ya kwanza kwa mpango huo alilia. Alilia pia mara ya pili na ya tatu. Nawaambia vijana wazi, ukitarajia kimya utadhani umeshindwa. Kilichobadilika ni kwamba alipoambiwa "tumemaliza" aliamini, akanyamaza, na hakuna aliyemshika isipokuwa bibi yake. Mara ya nne alibandua mwenyewe kipande cha mwisho cha shashi, kwa ncha za vidole, ulimi umetoka nje kwa umakini, akakiweka kwenye trei.

Namfikiria sana yule bibi. Uingereza ilichukua miaka mingi watu wakibishana kama mama aruhusiwe kukaa na mtoto wake hospitalini, mpaka kamati iliyoongozwa na daktari Harry Platt ilipopendekeza hivyo mwaka 1959. Sisi bibi tulikuwa naye tayari, mkekani, tangu siku ya kwanza. Tulimwambia atupishe wakati wa kufunga kidonda. Tulimtoa nje ya chumba mtu ambaye mtoto alimhitaji kuliko sisi sote, tukaita mgeni aje kushika miguu.

Kuondoka, na barua

Wiki ya kumi na mbili ilikuwa inakaribia, na mvulana alikuwa bado na siku chache. Anayejitolea ana hatari hii: anaingia moyoni mwa mtoto aliyelazwa, kisha siku moja haonekani. Kwa mtoto ambaye mama yuko mbali ni pigo juu ya pigo. Tulimtaka binti aseme mapema. Alichora miraba sita kwenye karatasi, mmoja kwa kila siku aliyobakiza kuja, na mtoto akawa anaweka alama ya kalamu. Siku ya mwisho walifuta pamoja meza, wakaagana, akaondoka kabla ya chakula cha mchana kama alivyokuwa amesema. Mtoto alinuna mpaka jioni. Ni haki yake.

Ningerudia leo, ningeanza na wauguzi kabla ya kumpokea anayejitolea. Ningempa afisa ustawi wa jamii nafasi ya kusoma daftari nami, kwa sababu hadithi ya mama aliye Dar es Salaam na jiko lililowekwa chini sakafuni ilikuwa yake kuliko yangu, na ilimfikia tukiwa tumeshachelewa. Na ningempa binti asubuhi mbili badala ya tatu. Wiki ya tisa alikuwa amechoka, akija na macho mekundu, na sikuuliza mapema.

Aliniomba barua. Niliandika saa zake, umri wa watoto aliokaa nao, aina za maradhi, na nani alimsimamia. Niliandika kwamba tarehe fulani alimwambia mtoto neno lisilo kweli, akalikiri mwenyewe, na jinsi alivyolirekebisha. Alipoisoma alisita. "Sista, na hili la kosa unaliacha?" Nikamwambia aliyewahi kufanya kazi hii atasoma barua nzima kwa ajili ya mstari huo. Aliikunja akaiweka mkobani.

Sasa anasomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, na asubuhi za Jumamosi anajitolea tena na watoto. Kwetu, ratiba ya dawa ya maumivu kwa wanaofungwa vidonda imebandikwa ukutani juu ya meza ya dawa, na bibi na mama hawatolewi tena chumbani. Mwezi uliopita amekuja kijana mwingine, wa kiume, amemaliza diploma ya ualimu. Siku yake ya kwanza nimempa sabuni, daftari jipya, na nikamwita kwenye makabidhiano ya zamu ili wenzangu wote wamsikie akitajwa kazi yake.